"Wana chakula, hawajui kula": kauli inayoiponza Iringa

Vikao vya tathmini ya mkataba wa lishe, ule ambao serikali kuu husaini na mikoa, vikifanyika, kuna kauli hurudi kama kiitikio cha taarabu: "Nyanda za Juu Kusini wana chakula, ila hawajui kula." Mkubwa anaitamka jukwaani, ukumbi unaguna, kesho yake ni kichwa cha habari, na mitandaoni watu wanamalizia wenyewe kwa utani wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Takwimu zinazoizaa kauli hiyo hazina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Iringa walikuwa 57. Njombe na Rukwa, nusu ya watoto. Ndiko yanakotoka malori ya mahindi, ndiko vinakoteremka viazi mviringo vya chipsi za Dar es Salaam, ndiko parachichi zinakopangwa kwenye maboksi kwenda India na Ulaya. Dar es Salaam yenyewe, inayokula jasho lao, imo katika mikoa yenye udumavu mdogo kabisa.

Naona kauli hiyo inatupeleka pabaya, na ubaya wake si dharau tu. Ukishaamini kwamba watu hawajui kula, dawa unayoiona ni semina: mtaalamu, bango la makundi ya vyakula, sufuria la maonyesho, picha ya pamoja. Wapo pia wa upande wa pili, wanaouza unga wa mtama na mbegu za maboga kwenye simu zetu, ambao dawa yao ni turudi kwenye vyakula vya mababu. Hoja yangu ni kwamba wote wawili wanalitazama sahani na kuusahau mkono. Mtoto wa Iringa anadumaa kwa sababu chakula kinachomfaa kiko mbali na mtu anayemlisha, mbali kwa saa na mbali kwa hatua, na umbali huo tumeutengeneza sisi wenyewe kwa sera za miaka karibu 50. Nasema haya nikiwa muumini wa chakula cha kienyeji, na ndiyo maana naumia kinapotetewa kwa hoja dhaifu.

Tuanze na mahindi, maana watu hudhani Iringa ilizaliwa nayo. Zao hilo lilikuwapo zamani, sawa, lakini pamoja na ulezi, mtama, kunde, maboga na viazi. Kilichoifanya mikoa hii kuwa ghala la taifa ni uamuzi wa serikali kuu. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, Shirika la Usagishaji la Taifa likanunua kwa bei hiyohiyo hata kijiji kiwe mwisho wa barabara, na mbolea ikapewa ruzuku. Kwa mkulima wa Mufindi au Sumbawanga, ambaye gharama ya lori ilikuwa ikimla faida yote, ilikuwa neema. Ndani ya miaka michache Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikawa zinatajwa kwa pamoja kama mikoa minne mikubwa ya mahindi. Mfumo huo ulishakufa, lakini mwelekeo wake haujafa. Mpaka leo ruzuku ya mbolea huishia zaidi kwenye mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hujaza maghala yake hasa kwa mahindi. Mwaka 2024 wakala huo huo ulikubaliana kuiuzia Zambia tani 650,000. Hakuna wakala anayenunua mnavu. Mkulima anayesikia lugha ya bei kwa nusu karne, kisha akapanda kinachonunuliwa, huyo ana akili zake timamu.

Na lugha yenyewe ilishafuata shamba. Sisi tukisema "chakula" tunamaanisha ugali. Kilichobaki chote, iwe nyama, dagaa, maharage au matembele, ni "mboga". Mtu atakwambia mboga leo ni nyama na hakuna atakayeshangaa. Mboga kazi yake ni kuusindikiza ugali ushuke. Mtu mzima anaweza kuishi hivyo kwa sababu tumbo lake kubwa linabeba tonge kumi na chote kinachoambatana nazo. Mtoto wa miezi tisa tumbo lake halizidi sana kikombe cha chai. Ukimpa ugali uliolowekwa kwenye mchuzi, ameshiba kabla mboga haijafika, na mchuzi una rangi ya maharage kuliko maharage yenyewe.

Hapo ndipo hoja ya kuongeza virutubishi kwenye unga inapoingia, na sitaki kuibeza, maana ni hoja nzito kuliko zote. Tuna ushahidi wa nyumbani: chumvi yenye madini joto iliwafikia watu wengi na kupunguza tezi la shingo bila mtu yeyote kufundishwa kula. Kanuni za 2011 zikavilazimisha pia viwanda vya unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula kuongeza vitamini na madini. Foliki asidi inayopatikana humo inapunguza watoto kuzaliwa na mgongo wazi, jambo ambalo mchicha peke yake hauwezi kulihakikisha kwa kila mama katika wiki zile za mwanzo, kabla hata hajajua ana mimba. Mwenye kulipinga hili kwa jina la asili aende kwanza wodi ya watoto. Ugumu wake ni mwingine: unga unaoongezwa virutubishi kwa uhakika ni ule wa mifuko, wa kiwanda kikubwa, na mtu wa Kilolo, wilaya ya Iringa, hanunui unga wa mfuko. Ana mahindi yake. Anayabeba kichwani hadi mashine ya kijiji, mwenye mashine anamuuliza, "Unakoboa au dona?", naye anakoboa, kwa sababu sembe ni nyeupe, inakaa muda mrefu bila kuchacha, na mgeni akija haoni aibu kuipika. Kiini na ganda, yaani sehemu kubwa ya madini ya chuma, zinki na vitamini B, vinabaki pale kama pumba. Vinaliwa na nguruwe. Zimekuwapo jitihada za kufunga vifaa vya kuchanganya virutubishi kwenye mashine ndogo, na ni jambo jema, ila mtambo wenye wateja wa debe mojamoja, kila mmoja na mahindi yake, ni kazi kuusimamia.

Basi turudi kwenye dona na mambo yaishe? Wauzaji wa "asili" wanasema hivyo, na wana haki nusu. Dona ina virutubishi zaidi, lakini ganda hilohilo lina fitati, kitu kinachokamata madini ya chuma na kuyazuia yasiingie mwilini. Mababu walilijua bila kulitaja jina, ndiyo maana waliloweka, waliotesha na kuchachusha nafaka kabla ya kuila. Ukichukua dona bila ule uchachushaji, kisha ukaisindikiza na chai ya rangi, umechukua nusu ya busara yao. Halafu kuna sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumukuvu. Hayakuwa mahindi ya kiwandani wala ya nje. Yalikuwa ya shambani kwao, ya asili kabisa. Karanga hali ni hiyohiyo, na karanga ndizo zinazomwagwa kwa wingi kwenye ule unga uitwao "wa lishe", wenye nafaka saba, soya isiyochemshwa na sifa kumi na mbili kwenye lebo. Kienyeji maana yake ni kwamba kimetoka karibu. Kuwa salama, kuwa cha mchanganyiko, kumfikia mtoto, hayo ni mambo mengine na kila moja lina kazi yake.

Sasa zile hoja mbili ninazoziona dhaifu kuliko zote. Ya kwanza ni ile ya chini ya mwembe, kwamba watu wa huko ni wafupi kwa asili na takwimu zinawaonea. Viwango vya ukuaji vinavyotumika duniani, vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na kilichoonekana ni kwamba watoto wa rangi na nchi zote hizo, wakilishwa vizuri na kukaa mahali safi, hukua kwa kukaribiana mno katika miaka ile mitano ya kwanza. Hoja ya damu inaishia hapo. Ya pili ni ya elimu, na hii inavaa tai. Kama ujinga ndio unaodumaza, mbona Iringa na Njombe ziko juu ya wastani wa taifa kwa kujua kusoma na kuandika? Mama wa Iringa amesikia habari za makundi ya vyakula tangu kliniki ya mimba ya kwanza. Mwulize, atakutajia, pengine kwa mpangilio kuliko mimi. Ya ulanzi naipitia haraka: upo, na katika baadhi ya nyumba unakula fedha na saa za kumlea mtoto, lakini nchi hii ina pombe kila mkoa, na mikoa mingi yenye pombe haina asilimia 57.

Ya kwamba wanauza chakula chote ina ukweli wake, ila inasemwa kwa mguu mmoja. Mtu anauza Julai kwa sababu anadaiwa mbolea na sare za shule, bei ikiwa chini, halafu Februari ananunua kwa bei ya juu mahindi yanayofanana na yale aliyoyauza. Tunauita huo uroho. Mfanyabiashara akifanya hivyo mjini tunasema amebanwa na mtaji.

Miaka michache iliyopita nililala kwa bibi mmoja wilayani Kilolo, wakati wa palizi. Kabla hakujapambazuka, mkwewe alishaondoka na jembe. Bibi akapika uji wa sembe, akamlisha mjukuu wake, bakuli likabaki nusu, akalifunika kwa sahani. Saa nne akampa uleule, umeshika utando juu. Saa nane vilevile. Nikamwuliza, bibi, si kuna gunia la maharage pale pembeni? Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto wa mjini. "Maharage yanataka kuni, mjukuu wangu, na kuni zinataka mgongo. Mimi wangu umeshakwisha." Mama alirudi jua likizama. Mboga za majani zilipikwa usiku, na mtoto alikuwa ameshalala.

Sitajenga nadharia juu ya bakuli moja. Lakini liweke bakuli hilo kando ya mambo tunayoyajua. Maambukizi ya VVU Njombe yalikuwa asilimia 12.7 na Iringa 11.1 katika utafiti wa 2022 na 2023, viwango vya juu kabisa nchini, na ugonjwa ule umewaachia mabibi kazi ya ulezi kwa miongo mitatu. Operesheni Vijiji ya 1974 ilizikusanya nyumba pamoja na kuyaacha mashamba mbali, na kwa mkoa wa mahindi mbali inamaanisha saa za kutembea. Kilimanjaro haikuguswa sana na operesheni ile. Kule kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kiko mlangoni: migomba, kahawa, maboga, mboga, ng'ombe wa kufungiwa anayekula majani ya migomba na kurudisha mbolea. Mama anatoka jikoni, anakata mnavu, anakamua, anarudi kabla sufuria halijachemka. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huo mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia, kwa sababu ya ardhi na miti; mimi ningeupa tuzo kwa hatua ambazo mama hazitembei. Najua Kilimanjaro ina mengine: fedha za kahawa, shule na hospitali za misheni za mapema, fedha zinazotumwa na watoto walioko mjini. Udumavu wake mdogo hauwezi kuelezwa na kihamba peke yake. Ila ukitafuta mfano wa chakula cha kienyeji kinachoifaa ardhi na mtoto kwa pamoja, ni ule, na siri yake ni ukaribu.

Iringa yenyewe ilishawahi kulielewa jambo hili kuliko mahali pengi duniani, na hapa ndipo nashindwa kucheka na wanaocheka. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe wa Iringa, kwa fedha za Italia kupitia UNICEF na Shirika la Afya Duniani, katika vijiji 168 vya mkoa ambao wakati ule ulikuwa na Njombe ndani yake. Kila miezi mitatu watoto walipimwa uzito hadharani, na matokeo hayakupelekwa wilayani kwanza; yalikaa mezani kwa kamati ya kijiji, ikauliza kwa nini mtoto wa fulani ameshuka na nani afanye nini. Ndani ya miaka mitano watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka karibu asilimia 56 hadi karibu 38, na wale waliodhoofu vibaya kutoka takriban asilimia 6 hadi chini ya 2. Ni kipimo cha uzito, hakilingani moja kwa moja na udumavu tunaoupima leo, lakini ni kushuka ambako mataifa tajiri yalikuja kukusoma: mchoro maarufu wa UNICEF wa 1990 unaoeleza sababu za utapiamlo ulichorwa kwa kutegemea sana uzoefu wa Iringa. Na walichokigundua wanakijiji kilikuwa nini? Kwamba mtoto analishwa mara mbili au tatu kwa siku, uji mwepesi, kwa sababu mama yuko shambani. Jibu lao halikuwa bango. Lilikuwa vituo vya kulelea watoto mchana na kimea.

Kimea nitakieleza, maana kizazi cha uji wa dukani hakikijui. Loweka ulezi au mtama usiku mmoja, uoteshe siku mbili tatu kwenye gunia lenye unyevu, anika, saga. Pika uji mzito, mzito kiasi ambacho mwiko unasimama, kisha weka kijiko kimoja cha kimea, koroga, uchemshe tena. Mbele ya macho yako unalainika na kumiminika, kwa sababu chipukizi la nafaka lina kimeng'enya kinachokatakata wanga. Kikombe kilekile sasa kimebeba unga mara mbili au zaidi, na mtoto anakunywa bila kutafuna. Hakuna mama mpika pombe asiyejua kimea, na Taasisi ya Chakula na Lishe ilikipigia debe miaka ya 1980. Ukiuacha uji huo uchachuke unapata togwa, ambayo fitati zake zimepungua, na ambayo tafiti zilizofanywa hapa nchini miaka ya 1990 zilionyesha kwamba watoto walioinywa walikuwa na vijidudu vichache vya kuharisha. Nakubali, kimea nacho kinataka mikono ya kuotesha na kuanika. Lakini kinataka mikono hiyo mara moja kwa wiki mbili, wakati maharage yanaitaka kila siku.

Kuna upande mmoja ambao wapenda asili na wapenda mazingira wanagongana, na sioni mtu akiusema. Mboga za kiangazi za Iringa na Njombe hutoka vinyunguni, yaani zile bustani za mabondeni zinazolimwa kwa tuta na jembe mvua ikishakata. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, na wakulima wa vinyungu wameondolewa kwa jina lake zaidi ya mara moja. Sheria ina sababu: mto Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera si mali ya kijiji kimoja. Lakini kuiweka kapu moja bustani ya mboga ya mama na mashine ya kuvuta maji ya ekari kumi, huku mikaratusi inayokunywa maji mchana na usiku imesimama kwenye mabonde yaleyale, ni kuilinda ardhi kwa kuinyang'anya sahani la mtoto mboga ya Septemba. Anayetaka ulaji endelevu lazima alijibu swali la kinyungu kabla hajahubiri mchicha.

Kwa hiyo mkataba wa lishe uliosainiwa upya mwaka 2022 na unaofika 2030 unapaswa kupimwa kwa jicho lingine. Ile shilingi 1,000 ambayo kila halmashauri inatakiwa kuitenga kwa kila mtoto kwa mwaka haikukusudiwa kununua chakula, na katika masoko mengi haifiki hata nusu kilo ya maharage. Ni ya kuendesha huduma. Iendeshe huduma inayopunguza hatua. Programu ya taifa ya malezi na makuzi iliyozinduliwa Desemba 2021 tayari inazungumzia vituo vya kulelea watoto vya jamii: Iringa visifunguliwe pale penye jengo zuri, vifunguliwe kwenye njia ya shamba, vya miezi ya palizi na mavuno, na jiko moja linalochemsha maharage ya watoto 40 kwa kuni ambazo nyumba moja ingetumia kwa watoto wawili. Siku ya afya na lishe ya kijiji, mjukuu wa ile mizani ya 1983, iwekwe siku ambayo haiendwi shamba, na matokeo yabaki mezani kwa kijiji kabla ya kupanda gari kwenda wilayani. Kwa sasa, katika nyingi nilizoshuhudia, maonyesho ya mapishi huanza saa tano asubuhi. Mama yuko bondeni tangu alfajiri. Aliyemleta mtoto ni bibi, na ameketi nyuma, kwenye kivuli, akisubiri mgongo upoe.